Nembo ya 280, namba ya 230: jibu kwa msomaji anayetaka kununua Pagoda

Msomaji wa Nakuru ameniandikia hivi: "Nimepata Mercedes-Benz 280SL ya 1969 inauzwa Nyali, Mombasa. Ni gari la wazi, rangi ya fedha, usukani wa kulia, giaboksi ya otomatiki, na lina paa lake la chuma. Anayeuza ni mtoto wa marehemu mwenye gari. Anasema kila kitu ni cha kiwandani na kwamba baba yake aliwahi kulikimbiza kwenye mashindano ya Safari Rally. Anataka shilingi milioni 11. Nimeambatisha picha tano. Nitajuaje kama ni la kweli, na je, bei hiyo ni ya haki? Mume wangu ananicheka, anasema nanunua makumbusho."

Dada yangu, picha ya nne ndiyo iliyofanya chai yangu ipoe mezani. Tatu za kwanza ni za mapambo: gari limeoshwa, limeegeshwa chini ya mnazi, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Ya nne umepiga chumba cha injini, na ukiikuza utakisoma kibao cha namba ya chesisi. Inaanza na 113.042-20. Hiyo si 280SL.

Magari haya, ambayo watu huyaita Pagoda kwa sababu paa lake la chuma limebonyea katikati kama mapaa ya mahekalu ya Asia, yalitengenezwa kwa aina tatu. 230SL ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Geneva, Machi 1963, na namba yake huanza na 113.042. Ikafuata 250SL, ambayo ni 113.043 na haikudumu hata mwaka mmoja na nusu. Ya mwisho ni 280SL, 113.044, iliyotengenezwa hadi 1971. Zote tatu kwa jumla ni 48,912. Kwa macho ya mpita njia zinafanana kama mayai ya kuku mmoja, na ndiyo maana nembo ya nyuma ni kitu cha mwisho ninachokiangalia. Nembo hukaa kwa vipini viwili na huuzwa dukani.

Tarakimu zinazofuata nazo zina maneno. 10 ni usukani wa kushoto na gia za mkono, 12 ni kushoto na otomatiki, 20 ni kulia na gia za mkono, 22 ni kulia na otomatiki. Yako ni 20. Kwa hiyo gari hili lilitoka kiwandani likiwa 230SL ya usukani wa kulia yenye gia za mkono, na sasa unaambiwa ni 280SL ya otomatiki. Usukani ndio peke yake uliobaki kusema kweli.

Halafu kuna mwaka. Utengenezaji wa 230SL ulikoma Januari 1967, kwa hiyo haiwezekani gari hili likawa la 1969. Inawezekana kabisa logbook inasema 1969, maana hapa kwetu mwaka wa kusajiliwa na mwaka wa kuundwa vimechanganywa kwenye makaratasi mengi ya zamani. Pengine lilikuja Kenya likiwa limetumika kwingine. Si kosa la jinai, ila ujue unanunua gari la miaka ipi.

Picha ya tano inaonyesha ubavu wa injini, na namba inayosomeka ni 130.980. Injini ya 230SL ilikuwa 127.981, ya 250SL ikawa 129.982, na ya 280SL ni 130.983. Hiyo 130.980 ni injini ya saluni, ile 280SE ya wakubwa wa enzi zile, wale walioitwa "Wabenzi". Nadhani unaiona hadithi inavyojipanga: injini ya kwanza iliharibika, mwenye gari akapata saluni iliyokufa bodi, akahamisha injini na giaboksi yake ya otomatiki kwa pamoja, kisha mtu akaona haya kubaki na nembo ya 230 juu ya injini ya lita 2.8. Sidhani mtoto wa marehemu anakudanganya kwa makusudi. Huenda amekua akiona nembo hiyo tangu utotoni.

Sasa, usilitupe gari kwa sababu ya injini. Hapa natofautiana na wakaguzi wenzangu wengi wanaoshikilia kwamba injini isiyo yake ni gari lisilo na thamani. Injini ya 230SL ina nguvu za farasi 150, na fimbo yake ya kranki imeshikwa na beringi 4. Hiyo ya saluni ina farasi 160 na beringi 7. Barabarani utaipenda kuliko ile ya asili, hasa ukipanda kutoka Mai Mahiu. Kilichopotea ni uhalisi, na uhalisi una bei yake, nitaifikia. Muulize tu yule kijana swali moja kwa upole: injini ya zamani iko wapi? Wazee wetu hawatupi chuma. Ikiwa iko nyuma ya nyumba imefunikwa gunia, hata kama imekufa, iingie kwenye mkataba wa mauzo pamoja na giaboksi yake. Siku moja wewe au atakayekufuata ataweza kulirudisha gari lilivyokuwa.

Kuhusu Safari: Mercedes-Benz ilishinda mashindano hayo 1959, 1960 na 1961, lakini kwa saluni, 219 na 220SE, kabla Pagoda haijazaliwa. Pagoda yenyewe ilipata sifa yake Ulaya, Eugen Böhringer aliposhinda Spa-Sofia-Liège ya 1963 kwa 230SL. Hayo hayamzuii baba wa mtu kushiriki Safari kwa gari lake mwenyewe. Lakini anayesema hivyo alete picha ambayo namba ya usajili inasomeka, au karatasi ya mashindano yenye namba hiyo. Bila hivyo, hadithi hiyo isiongeze hata shilingi. Magari ya wazi yana tabia ya kuzaa hadithi. Sijawahi kukagua hata moja ambalo halikuwahi kuendeshwa na mtu maarufu.

Tuache hayo twende chini ya gari, maana pesa zako zitapotelea huko. Nyali! Ningefurahi zaidi ungeniambia Nanyuki. Hewa ya chumvi haibagui, na gari la wazi linaumia mara mbili: likikosa paa la kudumu, nguvu zote za kulishika lisijikunje zinabebwa na sakafu, mihimili ya fremu na vizingiti vya milango, yaani ile sehemu ya chini unayoikanyaga ukiingia. Vizingiti vikioza kwenye saluni una saluni mbovu. Vikioza kwenye Pagoda, gari linaanza kukatika katikati, polepole, na madigadi zimepakwa rangi vizuri kabisa.

Kabla ya kupiga jeki, fungua na kufunga milango yote miwili paa likiwa limetolewa. Angalia mwanya kati ya mlango na bodi: uwe sawa kutoka juu hadi chini. Kisha liinue upande mmoja kwa jeki, gurudumu la mbele liachane na ardhi, ufungue mlango tena. Ukigoma, au mwanya wa juu ukijibana, gari limelegea kiuno na hapo hakuna cha kujadili. Nimewahi kukagua Pagoda moja pwani ambayo mwenyewe alinizuia kabisa kuliinua, akidai jeki itakwaruza rangi. Nilimshukuru kwa soda nikaondoka.

Beba sumaku ndogo, ile ya kwenye friji inatosha, uifunge na kitambaa. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwenye Pagoda, boneti, kifuniko cha buti, ngozi ya milango na kile kifuniko kinachoficha turubai nyuma ya viti vimetengenezwa kwa alumini. Sumaku isiposhika hapo, usistuke, ndivyo inavyotakiwa. Ikishika kwenye mlango, basi mlango huo si wa kiwandani au umetengenezwa upya na fundi wa mtaani. Madigadi, vizingiti na pua ni chuma: sumaku ishike kwa nguvu ileile kila mahali. Ikiteleza ghafla kwenye kizingiti, chini ya rangi kuna puti, ule ujazo wa kuziba mashimo, na chini ya puti hiyo mara nyingi hakuna kitu.

Ukifungua boneti, angalia mfereji ambapo madigadi ya mbele imeungana na bodi. Madigadi za kiwandani zina vidoti vya duara vya weldi vilivyofuatana, vimebonyea kidogo, umbali sawa. Vikikosekana, au ukikuta mfereji umejazwa laini kama ukuta uliopigwa lipu, madigadi imebadilishwa au imezikwa kwenye puti. Madigadi iliyobadilishwa vizuri si dhambi, gari lina karibu miaka sitini. Lakini itakuambia kwamba kuna siku liligonga au liliozea mbele, na hapo uchunguze zaidi mihimili ya mbele ya fremu. Huko ndiko namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia. Futa vumbi kwa kitambaa, usikwangue, na uilinganishe na kibao tarakimu kwa tarakimu. Kibao ni kipande cha bati kilichoshikwa kwa ribiti, kinaweza kuhama kutoka gari moja hadi jingine. Namba ya kwenye fremu haihami bila kuacha kovu la weldi au grainda. Ukiona kovu hapo, usimwambie mtu, panda tuktuk urudi hotelini.

Chini kabisa, mwombe fundi akuinulie gari ulale chini mwenyewe. Usimtume mtu. Lami nyeusi iliyopakwa juzi, bado inanuka, ni pazia. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hunong'ona. Gonga vizingiti, sakafu ya miguuni, sakafu ya buti na mahali ekseli ya nyuma inaposhikiliwa.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu wauzaji wengi hawakijui. Kiwandani, kila bodi ilikuwa na namba yake, tofauti na ya chesisi, nayo imeandikwa kwenye kibao kidogo mbele ya chumba cha injini karibu na rejeta. Tarakimu za mwisho za namba hiyo ziligongwa pia kwenye vipande vilivyotengenezwa kwa kulinganishwa na bodi hiyo: boneti, kifuniko cha turubai, paa la chuma. Zitafute. Zikilingana, gari hili limekaa pamoja tangu lilipozaliwa. Paa la chuma lenye namba tofauti maana yake lilinunuliwa baadaye, na litaonyesha: halikai sawa juu ya kioo cha mbele, na ukipita kwenye murram linalia kama mlango wa zamani.

Kibao hichohicho kina namba ya rangi. Kwenye picha yako nasoma 050, ambayo ni nyeupe. Rangi ya fedha ya Mercedes ya miaka ile ilikuwa 180. Kwa hiyo gari lilikuwa jeupe, likageuzwa. Inua zulia la buti, angalia nyuma ya dashibodi na ndani ya kifuniko cha tangi: utakuta weupe umejificha hapo. Rangi iliyogeuzwa hupunguza bei kidogo. Kilichonivutia mimi ni swali la nini kilifanyika siku ile lilipopigwa rangi, maana kuna wanaobadilisha rangi kwa kupenda, na wengine kwa kuficha.

Mambo ya mitambo nitayapitia haraka, kwa sababu karibu yote yanarekebishika. Tazama breki za nyuma: 230SL ilikuja na ngoma, wakati 250 na 280 zina diski magurudumu yote manne. Ukikuta ngoma nyuma, una uthibitisho mwingine. Fungua kifuniko cha oili. Kikiwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Injini ikiwa imepata moto, sindano ya presha ya oili ipande hadi 3 ukikanyaga mafuta. Uliza lini mara ya mwisho shingo za magurudumu ya mbele zilitiwa grisi. Kama mtu hajui kwamba zina sehemu za kutia grisi, usukani utakuambia. Kitu kimoja tu kwenye injini hii kinachoweza kukufilisi ni pampu ya injeksheni ya Bosch. Ni ya kimekanika, ina pistoni 6 ndogo, na haitaki fundi wa kubahatisha. Gari likiwaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi mweusi hata likipata moto, weka akiba ya pampu kwenye hesabu yako.

Makaratasi. Omba rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya kutuma hata shilingi ya nauli. Jina litakalotokea huenda ni la marehemu. Ikiwa ndivyo, kijana hawezi kukuuzia chochote bila kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Sheria ya urithi ya Kenya inamtia hatiani anayeuza mali ya marehemu bila kibali hicho, na wewe utabaki na gari lisiloandikishika kwa jina lako, pamoja na shangazi watatu wanaolidai. Kibali kikiwepo, soma kama gari limetajwa ndani. Ukisha kuwa na uthibitisho wa umiliki, unaweza kuiomba Mercedes-Benz Classic, Ujerumani, nakala ya kadi ya data ya gari. Kadi hiyo itakuonyesha injini ya kwanza, rangi na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani. Mwambie muuzaji aiombe yeye kabla ya mauzo. Anayekataa kutafuta karatasi itakayompandishia bei ana sababu yake.

Na namba za usajili: nimeona bado lina zile za zamani, herufi tatu bila herufi ya mwisho. Zitunze. Hazithibitishi chochote kuhusu injini, lakini zinaonyesha gari limeishi hapa muda mrefu.

Sasa milioni 11. Hiyo ni bei ya 280SL nzuri, na hili si 280SL. Duniani kwa kawaida 280SL ndiyo ya ghali zaidi kati ya ndugu hawa watatu, na 230SL iko chini yake. Toa hapo injini na giaboksi zisizo zake, toa rangi iliyogeuzwa. Ongeza kidogo kwa usukani wa kulia, kwa kuwa Pagoda nyingi zilikuwa za kushoto na wanunuzi wa Uingereza huzitafuta hizi. Ongeza pia paa la chuma likiwa na namba yake. Mimi, nikikuta vizingiti vizima, fremu safi na makaratasi ya mirathi tayari, nisingevuka milioni 6.5, na ningeanzia 5. Injini ya asili ikiwepo kwenye gunia, ningeongeza laki tatu au nne bila kulalamika. Nikikuta uozo kwenye mihimili, ningetoa 3 au niondoke, maana Ulaya ukarabati kamili wa Pagoda mara nyingi hupita euro 100,000, na hata ukiufanya hapa kwa fundi mzuri wa bodi, vipande vya chuma bado utavilipia kwa euro.

Usiangalie bei za matangazo ya mtandaoni, hizo ni ndoto za wauzaji. Angalia bei ambazo magari yameuzwa kweli kwenye minada inayotangaza matokeo, na uchague yale ya 230SL yenye injini iliyobadilishwa, si yale yanayong'aa jalada la mbele. Kama una Jumapili moja ya kupoteza, subiri Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, tembea kati ya Mercedes za zamani, uwaulize wenyewe walilipa nini kwa vizingiti. Hawatakuficha. Maumivu hayo hupenda kusimuliwa.

Umeuliza pia, chini kabisa ya barua, kama ukilinunua ulirudishe kwenye weupe. Usiharakishe, rangi ya fedha ikiwa imeshika vizuri, iendeshe. Lakini ile nembo ya 280 ing'oe wiki ya kwanza, tafuta ya 230, uirudishe mahali pake. Vile vitundu viwili vya zamani utavikuta palepale chini ya puti.